Karibu, Usije Karibu

Saa kumi na mbili alfajiri, saa kumi na mbili magharibi,
simu hulia, nami hunyoosha mkono unaotetemeka
nichukue vidonge viwili vyeupe na kimoja cha manjano.
Kazi yao si kuniponya.
Kazi yao ni kuwapokonya silaha walinzi wa mwili wangu
wasije wakamtoa nje mgeni niliyerudi naye kutoka Chenai.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu ana siku mia nne na kumi.
Jembe nimpe la nini? Yeye ndiye alimaye,
mimi nakula tu.

Jina lake silijui. Daktari alisema: kijana.
Mimi nilikata marumaru Rusayl miaka ishirini na miwili,
vumbi jeupe likajijengea nyumba kifuani
hata kuvaa viatu ikawa safari ya kutwa.
Sasa napanda darini bila kusimama njiani
kwenda kutazama matangi ya maji,
na Zuwena hunifuata kwa sauti:
“Barakoa, Sleyum! Huko kuna mavi ya njiwa!”

Nimejifunza kuogopa vidogo.
Chungu cha rehani, kwa udongo wake, nimempa jirani.
Kachumbari ya mkahawani, basi.
Laban ya shamba, basi.
Komamanga la Jabal Akhdhar lililopasuka lenyewe, naliangalia tu.
Fundi Biju alifungua kiyoyozi, akaniita nione:
weusi kama masizi, laini kama manyoya ya kifaranga.
Niliruka nyuma kama niliyekanyaga nyoka.

Kila kiangazi ndugu zangu huenda Salala
kutembea ndani ya ukungu.
Nami hubaki Mabela, digrii arobaini na sita,
nikiwaza: Kiswahili kimetupa neno moja
kwa ule wa mlimani na ule wa mkate uliosahauliwa.

Thelathini na nane ndio mpaka.
Kipimajoto kikivuka, begi liko nyuma ya mlango.
Kilivuka mwezi wa Rajabu, usiku wa manane,
na Zuwena, asiyependa kuendesha gari gizani, aliendesha.
Siku tisa za dripu.
“Ni kirusi cha kawaida,” daktari alisema,
“kimelala ndani ya watu wengi, wanazeeka nacho hawana habari.
Kwako kimeamka.”
Nilitaka kumuuliza kimeamshwa na nini.
Nikakumbuka vidonge.

Januari dada yangu Rayya alikuja kutoka Unguja.
Miaka sita hatujaonana.
Aliteremka na kikapu cha vileja na ukwaju
na kikohozi alichookota kwenye ndege.
“Hodi!”
“Karibu,” nikasema, neno likatoka lenyewe kama lilivyozoea,
kisha nikapiga kioo cha dirisha kwa kiganja:
“Usije karibu!”

Akacheka. Kisha hakucheka.

Zuwena alimtolea kiti cha plastiki uani.
Tukazungumza kwa simu, kioo kati yetu,
nani kaoa, nani kauza kiwanja, nani katutoka.
“Mama angeniona,” akasema,
“nimewekwa nje kama muuza mkaa.”
Kikohozi kikamshika; akageuka,
akaficha uso kwenye kanga,
ijapokuwa hata sauti yenyewe ilinifikia kwa shida.

Saa kumi na mbili ikalia.
Nikameza changu. Naye akanyanyua kikombe cha kahawa,
kidogo, kama tunavyofanya kwa aliye mbali,
akanywa.

Halafu akasogea hadi paji lake likagusa kioo.
Sikurudi nyuma.
Pumzi yake ikaacha ukungu upande wake,
yetu, mimi na kijana, ukungu upande huu.
Akaufuta wake kwa ncha ya kanga
ili anione.