Kilomita za Kupanda

Shangazi Barke aliipokea fomu yangu ya mchango
akaijaza kwa wino wa kijani:
shilingi hamsini kwa kila kilomita,
lakini za kupanda tu.
"Ukiteremka ni upepo unaoendesha,
na mimi upepo siulipi."

Basi nimetoka Mombasa, nimegongewa muhuri Horohoro,
paspoti mpya, bado inanuka gundi.
Nimefika ng'ambo,
na huku ng'ambo watu wananijulia hali kwa lugha ya mama yangu.
Afisa wa bandari ya Mkoani akaitazama suruali yangu ya sponji,
akaitazama kanga niliyoifunga juu yake:
"Karibu. Hivi viwili vimekutana wapi?"

Tuko kumi na mmoja.
Fumo wa Lamu hajawahi kuendesha penye kilima,
kwao wamekisikia tu.
Nesi Nyamvula anatupigia kelele za gia:
"Mbili! Sasa moja! Moja, nimesema!"
Na Mbarouk Faki, fundi wa Chake,
baiskeli yake haina gia wala breki ya nyuma,
ndiye anayetungoja juu,
amekaa, anamenya chungwa.

Nani aliyeichora Pemba bapa kwenye ramani?
Mtambile, panda. Shuka. Panda tena.
Nimefunga kamba kwenye usukani,
kila kilomita ya kupanda napiga fundo,
za kuteremka namwachia Mungu na Shangazi.

Penye karafuu zilizoanikwa tulishuka wote.
Mikeka imekula nusu ya lami,
na hapa mtu hakanyagi karafuu.
Tulizikokota baiskeli pembezoni, kimya,
kama watu wanaopita nyuma ya safu ya wanaosali.

Kabla ya Wete miguu ilinikatalia.
Haikuuma. Ilikataa tu, kama punda.
Nikasikia kiganja nyuma ya tandiko.
"Shikilia. Usigeuke, utanielemea."
Mtoto wa kike, pakacha tupu kichwani,
jina lake Mize, ananisukuma na huku anahoji:
"Mwenda wapi?"
"Konde."
"Kufanya nini?"
"Kisha tunarudi."
"Kwani mumepoteza nini?"

Nikamwambia, pumzi vipande vipande,
kuna mashine ya kuwatia joto watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao,
na kila tunapokanyaga, mtu fulani kwetu anatoa kitu.
Akanyamaza. Mkono haukulegea.
"Kama Haji wetu," akasema.
Sikumuuliza Haji yuko wapi.
Kilima kilikuwa bado.

Twaha wangu alizaliwa mwepesi kuliko pakiti mbili za sukari.
Mashine ilikuwa moja, watoto wanne.
Shangazi Barke akamtia kifuani, ndani ya kanga,
akalala kitako siku kumi na tisa,
akikataa hata kupiga chafya.
Sasa ana miaka saba, huyo Twaha,
na kengele hii ni yake, ameniazima,
naye pia kwa sharti: nisiilize bure.
Juu ya kilima niliiliza mara tatu.
Mize alikwisha geuka, anateremka mbio,
pakacha linadunda mgongoni.

Usiku, Wete, kifurushi cha halua mapajani,
nikampigia simu.
"Mafundo ishirini na tisa, Shangazi.
Ila moja nilisukumwa."
Nikasikia karatasi zikifunuliwa, kalamu ikitafutwa.
"Nani kakusukuma?"
"Mize. Jina la baba sikuuliza."
"Basi hiyo si yako. Naiandika kwa jina lake."
Wino wa kijani, najua, ingawa sikuuona.
"Na hiyo halua," akasema,
"isikae mfuko mmoja na grisi."