Dakika Mbili na Ushei

Zima kiyoyozi, Mundhir.
Kinaguguma karibu na noti ya G, karibu tu, si penyewe,
na besi ya yule Mzungu imejificha humo humo,
kama mtu anayekohoa katikati ya vigelegele.
Basi tukazima. Mabela, mwezi wa nane, saa nne usiku,
nyuzi joto thelathini na nane huko nje,
nyuzi nne humu ndani, mapajani mwangu,
zinalegea kila nikizikaza.

Kaseti ni ya Ami Badru. Aliinunua Ruwi
mwaka alioajiriwa kulinda jenereta kule Fahud,
mshahara wa kwanza, pamoja na kandambili na feni.
Jalada limepauka. Jina la bendi halisomeki tena,
zimebaki herufi tatu na nusu ya ndevu za mtu.

Tunacheza. Tunasimamisha. Tunarudisha nyuma.
Sikio la kushoto gitaa linakwaruza,
la kulia jingine, jembamba, linalijibu
kama jirani ambaye hakuulizwa.
Mundhir, mchana fundi wa lifti,
anaandika nyuma ya fomu ya ukaguzi:
uzi wa tatu, chumba cha saba, vuta.
Anafuta. Uzi wa nne, chumba cha kumi na mbili, usivute sana.
Na hata hivyo hatukulingana na kinanda cha binti yake.
Wimbo mzima umekaa baina ya kibonye cheupe na cheusi,
mahali pasipo na mlango.
Ikabidi tulegeze magitaa yote mawili tuufuate huko.

Mimi yangu ni ya chini.
Besi haisikilizwi; ukiisikia, ujue imekosea
au imetoka chumbani.
Siku tano nilisaka noti nane.
Nikaja kugundua kuna mahali hapigi kabisa,
ananyamaza pale ambapo mimi ningejaza,
na kimya chake ndicho kigumu kukiiga:
kidole kinawasha.

Halafu ipo dakika ya pili na ushei.
Gitaa linapanda, besi inazama,
na hapo sauti zote mbili zinapinda,
zinalegea robo ya noti, pungufu ya robo,
kisha zinajikusanya haraka
kama aliyejikwaa mbele za wakwe.
Ule mpindo ulitutia wazimu.
Siku kumi na moja. Mundhir akachubuka kidole cha pete.
Raya, mkewe, alileta chai ya iliki, akasimama mlangoni:
"Sahani ni hiyo hiyo moja. Mnaiosha tangu Ijumaa."

Jana mpwa wangu katuletea nakala safi kwenye simu.
Ikalingana na kinanda, noti kwa noti.
Dakika ya pili na ushei ikaja, ikapita,
imenyooka kama barabara ya Haima.
Hakuna mpindo.
Hakujikwaa mtu.

Nikampigia Ami. Masikio yake yaliliwa na jenereta;
nilipiga kelele hadi watoto wakaamka.
"Kaseti? Aa, ile! Niliisahau mbele ya kioo cha Datsuni,
Juni, siku tatu, Fahud. Ikavimba kama ulimi.
Nikaizungusha kwa penseli, ikakubali."

Mundhir alicheka mpaka akakaa sakafuni.
Akafuta jasho kwa ile fomu yenye vyumba na nyuzi,
wino ukamganda kwenye paji la uso.
Kisha akauliza, kicheko kimemkauka:
Sasa tunapiga ipi?

Sikumjibu. Niliwasha kiyoyozi, tukanywa maji.
Kikaanza kuguguma, karibu na G, si penyewe.
Nikaweka kidole.
Moja, mbili.

Tulipofika pale tukapinda.