Sifuri ya Usiku

Taavet, kijana wa maabara, ananivutia kiti,
anageuza kioo cha kompyuta kinielekee.
"Hili ni taya lako, mama. La chini."
Limening'inia gizani, halina ulimi, halina ufizi,
limejengwa kwa piramidi ndogo ndogo
laki mbili na arobaini elfu.
Nje, Tartu imelala chini ya theluji ya Februari.
Kahawa yangu bado inafuka.

Pale penye pengo tangu mwaka wa sitini na mbili
(daktari wa kiwanda, mwenye haraka ya kuwahi treni)
amepanda skrubu mbili za titani
na juu yake daraja la meno matatu,
meupe kuliko yote niliyowahi kumiliki.
Kinywani mwangu bado. Wanayajaribu kwanza humo,
kama fundi anavyolivika sanamu koti la mteja.

"Jino la pembe si dawa ya pengo," nasema.
"La titani je?"

Anabonyeza. Miaka inaanza kupita.
Mfupa, kumbe, ni kibarua mwenye kinyongo:
ukiutwika mzigo, unanenepa;
ukiusahau, unajila wenyewe, polepole, bila kelele;
ukiuzidishia, unafanya nyufa usizoziona.
Buluu ni njaa. Nyekundu ni kuelemewa.
Mwaka wa tatu buluu inatambaa shingoni mwa skrubu.
Mwaka wa saba inasita.
Mwaka wa kumi nina umri wa miaka tisini na mmoja,
taya kijani kibichi kama shamba lililopata mvua,
na kahawa haijapoa.

"Humo ndani natafuna nini?"
"Hutafuni kitu, mama. Ni nguvu tu.
Nyutoni mia na hamsini, mara elfu mbili kwa siku."
Miaka kumi ya kutafuna
bila hata ganda la mkate mweusi!

Kisha anashika kalamu.
"Usiku unasaga meno?"

Sijui.
Aliyejua ni Heldur. Miaka arobaini na mitatu
sikio lake lilikuwa shubiri moja kutoka taya hili,
na sasa yuko Raadi, chini ya misonobari.

Taavet anangoja kidogo, kwa adabu.
Anaandika sifuri.

Sifuri ile nimetembea nayo hadi nyumbani
kama kokoto ndani ya kiatu.
Nikampigia dada yangu Hilja: njoo ulale kwangu, usiulize.
Akaja na mto wake na sindano za kufumia.

Asubuhi anakoroga uji, hanitazami.
"Unasaga," anasema. "Kama mtu anayetafuta kitu ndani ya jiwe.
Tangu saa nane mpaka karibu saa kumi."

Basi Heldur alisikia.
Usiku elfu kumi na tano alisikia, akanyamaza,
na kila asubuhi akanimegea upande laini wa mkate,
nami nikidhani ni yeye apendaye maganda.

Nainua simu.
"Taavet, ile sifuri. Ifute."
Vidole vyake vinagonga. Kimya kirefu.
"Mama, imeanza kuwa nyekundu."
"Wapi?"
"Kushoto. Pembeni mwa pengo. Niisimamishe?"

"Iache," namwambia. "Iache iendelee.
Nataka kujua nilikuwa nikisaga nini."