Msomaji wa Kiwanda cha Biri

Asubuhi nawasomea ya damu:
mwizi wa lulu, mume asiyejua, bastola ndani ya mkate.
Wasokota biri hawainui macho, ila visu vyao
vinagonga mbao, ko! ko! ko!,
kila sura inapokatikia patamu,
na Zenaida anaapa atamnyonga yule kaka mtu
akithubutu kurudi kesho.

Mchana nafungua kile kingine,
kile tulichokipigia kura watu wanne, nami wa tano.
Mwanamke anamenya chungwa.
Ukurasa mzima, chungwa.
Mumewe amekufa, ila hilo halisemwi;
ganda tu linashuka, halikatiki.
Hakuna kisu kinachogonga. Feni inazunguka.
Mtu anapiga miayo mpaka taya linalia.

Niliona haya. Nikaruka kurasa sita.

Ya lulu iliisha Ijumaa, kiwanda kizima kikashangilia,
na Jumatatu wakauliza: Evelio, leo ipi mpya?
Mwizi hata jina walishalisahau,
na sisemi kwa kumdharau; mimi pia nililia aliponaswa.

Kisha juzi, foleni ya mkate, Pinar del Río, mvua ya rasharasha,
Zenaida, amestaafu, vidole bado vina rangi ya tumbaku,
akanivuta mkono wa shati.
"Lile chungwa. Uliruka pale.
Alilila, au alimwekea?"

Miaka kumi na minane.
Nikamwambia kweli: kitabu hakisemi.

Akaguna. Akasogea hatua moja na foleni.
"Ndiyo maana," akasema, "kila nikimenya
huwa sijui nusu ya pili nimpe nani."