Uzi wa Katani

Nashona vitabu Riva Rodi, ghorofa ya pili,
juu ya fundi redio asiyejua kupunguza sauti.
Viletwavyo ni vingi; Kitabu ni kimoja.

Jumanne alipanda Mchungaji Lumwachi wa Dandora,
chake kimevunjika mgongo, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.
"Shona, ila usiongeze kitu.
Yaliyoandikwa yanatosha; mapokeo ni ya watu."
Nikaitikia, nikapitisha uzi kwenye nta.

Usiku nikahesabu kurasa. Mwanzo kipo, Ufunuo upo,
umekosekana ukurasa wa mbele tu, orodha ya vitabu.
Nikampigia: "Niuchape upya?"
"Uchape," akasema upesi.
"Aliuandika nani, Mchungaji?
Nimepekua sura zote, hakuna mstari unaoutaja."
Simu ikanyamaza. Nyuma yake kwaya ilikuwa mazoezini,
ikirudia kiitikio ilichofundishwa kwa mdomo.

Nikacheka peke yangu. Kisha nikaacha,

maana mezani kilikuwepo cha Bi Nthenya wa Makadara,
urithi wa babake, katekista,
kilichopita kwa mafundi watatu kabla yangu.
Kila mmoja alipaka gundi juu ya gundi ya mwenzake, kwa heshima,
hata pindo la ndani likameza herufi.
Siku mbili nilikwangua, kwa mvuke wa birika na kisu cha mfupa.
Ikatoka "si".
Silabi moja tu. Lakini ilipozama,
usiibe ilisomeka uibe,
na hakuna aliyeshtuka: waliijua kwa ghibu.
Au hawakuwa wakisoma. Sikumuuliza.

Jumamosi wakakutana kwenye benchi langu.
Mchungaji akafungua ukurasa mpya, mweupe kuliko wenzake,
akafumba macho, akavitaja vitabu kwa mpangilio,
kwa ile sauti ya kuvuta ya shule ya Jumapili,
sauti ya mamake;
akakwama baada ya Habakuki, akachungulia.
Bi Nthenya alikuwa ameweka kidole juu ya "si",
hakiondoki.

Hawakusalimiana. Nikawatoza bei moja.
Uzi ni uleule. Haukuandikwa popote ndani,
na nikiuvuta mno hukata karatasi.