Mti wa Nyuma ya Mlango

Chumba chetu cha Pasua ni futi kumi kwa kumi,
na futi hizo nimezipima mwenyewe kwa utepe wa ufundi
nikitafuta pa kusimamisha mti.
Kitanda kimeshika pembe yake. Cherehani imeshika dirisha.
Jiko, ndoo mbili, gunia la mkaa, begi la Nsia la shule:
ukitaka kugeuka, omba ruhusa.

"Basi mwaka huu tusiweke," nikasema.
Nsia hakujibu.
Alichora pembetatu sakafuni kwa chaki ya kukatia nguo,
akaifuta kwa unyayo.

Usiku nikazikumbuka fito.
Zilikuja Jumanne na gari la ndizi kutoka Kibosho,
matawi ya kahawa yaliyopogolewa, yamefungwa mzigo,
na mkungu wa mshare juu yake.
Mtumaji: kaka yangu Eliapenda.
Tangu tugombanie mpaka wa kihamba
Krismasi tatu sijapanda mlima.
Nilisema kuni ni kuni. Nikapokea, sikupiga simu.

Tukachagua fito saba zilizonyooka,
wa chini urefu wa mkono wangu,
wa juu kama kidole cha Nsia,
tukazipanga ngazi kwa uzi wa nailoni,
fundo, fundo, mate kidogo, fundo.
Ukutani hapana: mama mwenye nyumba
huhesabu misumari kama anavyohesabu kodi.
Tukautundika nyuma ya mlango, kwenye kulabu ya makoti.

Vizibo vya soda vikawa kengele zisizolia.
Mabaki ya vitambaa vya wateja,
harusi ya Rau, msiba wa Njoro, sare ya kwaya,
yakaning'inia pamoja, hakuna aliyemuuliza mwenziwe atokako.

Ikakosekana nyota.
Nikapekua maganda ya ule mkungu,
nikaiona kamba iliyofungia shina.
Haikuwa kamba.
Jani la isale, bado bichi,
limepigwa fundo vile baba alivyolipiga
siku alizokwenda kwa watu kuomba.
Tangu Jumanne nimelilaza chini ya ndoo.

"Hiyo si nyota," Nsia akasema.
"Najua. Lishike nifunge."

Kisha nikapiga simu. Iliita mara mbili.
Nikasema tu: "Limefika."

Mti wetu una tabia yake.
Mlango ukifunguliwa unajibana ukutani, hauonekani;
jirani anayechungulia kuomba chumvi
ataona kitanda na madeni.
Sharti uingie.

Mkesha, saa mbili za usiku, hodi.
Viatu vina udongo mwekundu wa migombani,
kofia iko mkononi,
macho yanatoka kitandani, yanakwenda cherehanini, yanapanda darini,
hayajui pa kutua.
"Krismasi gani hii, dada? Hata tawi?"

Nikamsogezea kigoda.
"Funga mlango, kaka," nikamwambia.
"Baridi inaingia."