Barua ya Tatu

"Waandikie ni wezi!" Bosi Ng'wandu anafoka.
Tani nne za minofu ya sangara, miezi mitatu,
hata senti.
Mimi Nyanzobe, dirisha likitazama Igogo,
naandika kwa Kiingereza:
Tunatumaini barua hii inawakuta salama.
Huenda ile ya awali haikuwafikia.
Iliwafikia. Mara mbili.

"Umewaambia?"
Nimewaambia.
"Mbona fupi? Na matusi yangu yako wapi?"
Yamo, bosi. Hapo kwenye "huenda".

Natia wako mtiifu, nabofya.

Chini getini muuza mapanki
anamchamba mpima mizani kwa Kisukuma,
peupe, mpaka korongo wanaruka
wakiacha utumbo.
Namwonea wivu kinywa kile.
Ningeazima, japo kwa barua moja.